Maswali na Majibu: Ubia wa serikali na kampuni katika kukuza ubunifu mkoani

Chama cha wakulima wa alizeti, Lira: Tumeahidiwa kituo cha ubunifu. Wengine wanatuambia tudai "mfumo wa ubunifu wa mkoa". Tofauti ni ipi?

Kituo ni jengo. Mfumo ni namna watafiti, viwanda, wakulima, benki na wilaya wanavyoshirikiana mwaka hadi mwaka, hata viongozi wakibadilika. Lango, eneo lenu, haianzi na mikono mitupu. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ngetta, iliyo chini ya NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, ipo. Chuo Kikuu cha Lira kipo, na viwanda vya kukamua mafuta vipo.

Tuchukue mbegu. Mbegu chotara ikipandwa mara ya kwanza huzaa vizuri. Mkulima akitunza mbegu kutoka kwenye mavuno hayo na kuzipanda tena, mimea haifanani na mavuno hushuka. Kiwanda kinalia kwamba alizeti haitoshi, mtafiti anajua sababu, lakini hakuna anayegharimia majaribio katika kila gombolola. Ubia uanzie hapo: kiwanda kilipie mbegu na mafuta ya pikipiki, wilaya itoe bwana shamba, Ngetta isimamie mashamba ya majaribio, na matokeo yawe wazi kwa wakulima wote. Daini hayo kabla ya jengo.

Diwani, Soroti: Je, kuna ubia wa namna hii uliowahi kufanikiwa Uganda, au ni maneno ya semina?

Upo, na wenye mafunzo mengi kuliko yote ni wa michikichi ya Kalangala, kwenye visiwa vya Ziwa Victoria. Serikali, ikisaidiwa na mkopo wa IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, iliingia ubia na kampuni ya Bidco. Mpango ulikuwa shamba kuu la kampuni la hekta 6,500 na mashamba ya wakulima wadogo ya hekta 3,500. Mavuno ya kwanza yalikuja 2010.

Mtu akizuru kisiwani huona kiwanda na mashamba, lakini kilichobeba kazi ni KOPGT, amana ya wakulima. Ndiyo iliyowakopesha wakulima, ikawapa mbolea na ushauri, ikapanga magari ya kubeba mavuno, kisha mkopo ukarudishwa kwa makato ya mauzo. Amana hiyo pia ilipewa asilimia 10 ya hisa za kampuni ya uzalishaji, OPUL, na Bidco ikabaki na 90. Bei ya vishada vya chikichi haikuachwa kwa meneja wa zamu. Hukokotolewa kwa kanuni inayofuata bei ya mafuta ya mawese kwenye soko la dunia. Usafiri nao si jambo dogo: vishada vikikaa zaidi ya siku moja hivi baada ya kukatwa, asidi hupanda na mafuta hushuka daraja. Kwa hiyo barabara mbovu ya kijijini ni hasara ya kiwanda pia, na pande zote mbili zina sababu ya kuitengeneza.

Mradi huo una doa zito. Misitu ilikatwa, na wapo wakazi waliofika mahakamani wakidai ardhi yao. Anayetaka kuiga Kalangala apime mipaka na kulipa fidia kabla ya kupanda mche wa kwanza.

Ninyi Teso mna kiwanda cha matunda kilichofunguliwa 2019 kwa msaada wa KOICA, shirika la misaada la Korea Kusini, Shirika la Maendeleo la Uganda likishirikiana na chama kikuu cha wakulima, TEFCU. Wakulima wana hisa, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo wamelalamika mara nyingi kwamba msimu ukifika machungwa huiva kwa pamoja na kiwanda hakiyamalizi. Baraza lenu lina nafasi ya kusaidia: omba ratiba ya ununuzi itangazwe kwa kila gombolola kabla ya msimu, na NARO ya Serere ishirikishwe kutafuta aina zinazoiva kwa kupishana. Hisa pekee haziondoi chungwa shambani.

Mhadhiri, Mbale: Chuo chetu kinataka kujenga maabara na kampuni binafsi. Tunafuata hatua zipi?

Kwanza amueni kama kweli mnahitaji Sheria ya Ubia wa Serikali na Sekta Binafsi ya 2015. Sheria hiyo inafaa mradi mkubwa ambao kampuni inajenga au kuendesha kitu cha umma kwa miaka mingi na kubeba sehemu ya hatari. Njia yake ni ndefu: wazo kuwasilishwa kwenye Kitengo cha Ubia kilicho Wizara ya Fedha, upembuzi yakinifu, idhini, zabuni ya ushindani, majadiliano, ushauri wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali unaotakiwa na Ibara ya 119 ya Katiba, ndipo saini. Wengi hukwama kwenye upembuzi kwa sababu hawakuutengea fedha.

Kwa maabara ndogo, njia iliyokwisha kupimwa ni kuunda kampuni isiyo na hisa, yenye dhamana ya wanachama. CURAD, kituo cha kulea biashara za kilimo kilicho Kabanyolo, kilianzishwa hivyo na Chuo Kikuu cha Makerere, NUCAFE ya wakulima wa kahawa, na NARO. Chuo hubaki na ardhi yake, na bodi huwa na viti vya kila upande.

Kwa njia yoyote mtakayoichagua, mkataba ujibu haya kwa maandishi: nani analipa umeme na mishahara msaada ukiisha, mashine ni ya nani mkiachana, nani anabeba hasara dola ikipanda kabla mashine haijafika, na kampuni isipotimiza kazi ndani ya muda fulani, chuo kinaweza kuiondoa vipi. Swali la kwanza ndilo linaloua vituo vingi. Mfadhili hununua mashine, halafu hakuna aliyeweka hata shilingi ya vipuri. Mimi hushauri kutenga kila mwaka asilimia 5 hadi 10 ya bei ya mashine kwa matengenezo.

Kikundi cha vijana, Jinja: Tunataka kinu cha kukamua mafuta cha pamoja. Tutajuaje kitajilipa?

Hesabuni siku za kazi, msihesabu uwezo ulioandikwa kwenye mashine. Kinu cha kilo 100 kwa saa, kikifanya kazi saa 8 kwa siku 90 za msimu, hukamua tani 72 za alizeti. Mkiongeza soya na simsim mkafika siku 200, ni tani 160 kwa mashine ileile. Basi andikianeni na wauzaji wa mazao yote matatu kabla ya kukopa.

Kagueni umeme kabla ya kulipa. Kinu kinachotaka fezi tatu hukaa kimya kama nguzo iliyo karibu ina fezi moja, na gharama ya transfoma huenda ikaangukia kwenu. Chekecheni mchanga pia: mbegu zilizoanikwa chini hula skrubu ya kinu haraka sana. Mbegu zikaushwe hadi unyevu wa asilimia 9 hivi, zisiote ukungu ghalani. Wekeni skrubu ya akiba tangu siku ya kwanza.

Mwanafunzi, Mbarara: Nimebuni kikaushio cha jua. Kampuni inataka kukitengeneza. Kitakuwa mali ya nani?

Soma sera ya chuo kwanza, maana ulitumia karakana yake. Kisha, kabla ya kukipeleka kwenye maonyesho au kukiweka mtandaoni, wasilisha ombi URSB, ofisi ya serikali inayosajili haki za uvumbuzi. Kitu kilichokwisha kuonekana hadharani kinaweza kupoteza sifa ya upya. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2014, hataza (patent), yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi, hudumu miaka 20. Kwa maboresho madogo ya kifaa kuna cheti cha muundo wa matumizi (utility model) cha miaka 10, na mara nyingi hicho ndicho kinachofaa vikaushio.

Usiuze haki yote. Ipe kampuni leseni ya eneo na muda, tuseme Ankole na Kigezi kwa miaka 3, yenye kifungu kwamba wasipouza idadi mliyokubaliana leseni inakufa. Mgao wako uhesabiwe kwa kila kifaa kilichouzwa, usihesabiwe kwa faida, kwa kuwa faida inaweza kufichwa kwenye vitabu.

Mfanyabiashara, Busia: Bidhaa zetu zikipata alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, zitapita Kenya?

Ndiyo, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinatakiwa kutambua alama za ubora za wenzao. Kwa shehena isiyozidi dola 2,000 yenye bidhaa zilizomo kwenye orodha ya pamoja, omba cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani. Chukua nakala ya cheti cha UNBS pamoja na alama iliyo kwenye kifungashio, kwa sababu ofisa akikosa karatasi atapeleka sampuli maabara na mzigo utakusubiri.