Hamu ya Kucheza Ngoma Inapotoweka

Wachezaji wengi wanaoniomba ushauri huanza kwa kujiita wavivu, nami huwauliza kwanza wanalala saa ngapi na wanakula nini. Mchezaji anayeshinda mazoezini kwa chai na andazi, kisha akarejea nyumbani usiku wa manane baada ya onyesho, huchoka kwa namna inayofanana kabisa na kukata tamaa. Anayeishiwa pumzi kwa miondoko aliyoizoea na aende akapimwe wingi wa damu, kwa kuwa hilo si jambo la kutibiwa na mwalimu wa ngoma.

Ikiwa umepumzika vya kutosha na bado huoni sababu ya kwenda mazoezini, hilo ni tatizo la aina nyingine. Mimi lilinikuta nilipokuwa katika kikundi kilichotumbuiza watalii kwenye hoteli za pwani. Tulicheza sindimba ya Wamakonde kidogo na bugobogobo ya Wasukuma kidogo, muziki ukitoka kwenye spika kwa sababu malipo ya wapiga ngoma yalionekana kuwa gharama isiyo ya lazima. Miondoko yangu haikuharibika, na pengine ilikuwa safi kuliko wakati mwingine wowote, lakini nilitabasamu huku nikiwazia saa ya kuondoka. Nilitazama video za wachezaji mahiri, zikanifanya nijione duni zaidi. Nikabadili mavazi na kujiandikisha katika mashindano, wala moyo haukusogea.

Nilichopungukiwa kilikuwa majibu, yaani mtu wa kuitikia uchezaji wangu. Bugobogobo ilitokana na kilimo cha pamoja Usukumani, ambako ngoma iliwapa wakulima mwendo wa kazi, na jembe tunalolirusha jukwaani lilikuwa likikata udongo kweli. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili pinzani vya ngoma vya Wasukuma, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi huenda kwa upande uliovuta watazamaji wengi zaidi, hivyo mchezaji hujua palepale kama amewapata watu au amewapoteza. Hata pasipo mashindano, mpigaji hodari humfuata mchezaji, humchokoza, humcheleweshea pigo ili aone atafanya nini. Spika haina uwezo huo: ukicheza vizuri au vibaya, itapiga vilevile.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kumtafuta mpiga ngoma mmoja. Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa kilianzishwa mwaka 1981 na leo kinajulikana kama TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), wapigaji si haba; kwingineko waulizie katika vikundi vya harusi na vya kwaya. Kaeni wawili, bila kioo na bila simu ya kurekodi, mkiafikiana kwamba hakuna onyesho linaloandaliwa, kisha mwombe abadilishe mwendo bila kukutaarifu. Mara za mwanzo utaona aibu, maana mwili uliozoea mpangilio uleule hupigwa na butwaa unapoulizwa swali jipya, lakini usiache kwa sababu hiyo.

Baada ya hapo jifunze ngoma usiyoijua kabisa, ukisimama nyuma ya mstari kama mwanafunzi. Aliyekulia katika ngoma za kiuno ajaribu kuruka kama Wamaasai, ambako mwili hunyooka na kiuno hakina kazi, ataona jinsi ustadi wake unavyokosa pa kushika. Mimi unyonge huo ulinirudishia udadisi ambao sifa za miaka mingi zilikuwa zimeuua.

Kama mkataba wa hoteli ndio unaolipa kodi ya nyumba, usiuvunje. Ucheze kama kazi, uitimize kwa heshima, na utenge siku moja ya wiki kwa ajili ya mpigaji wako. Wapo pia watakaofanya haya yote na hamu ya jukwaani isirudi, na hao nisingewashurutisha, kwa kuwa vikundi vyetu vina upungufu mkubwa wa watunzi wa miondoko, walimu wa watoto na washonaji wa maleba wanaoelewa mwili wa mchezaji unavyokwenda.