Miwani Mipya Inaniumiza Kichwa

Swali: Bwana Mhariri, mimi ni mwalimu hapa Goma. Daktari wa macho aliniandikia lenzi za -5, yaani za kunisaidia kuona mbali, kwa macho yote mawili. Nilinunua miwani Birere, ambako muuzaji alisoma karatasi, akanichagulia fremu na kuniambia nirudi baada ya siku tatu. Sasa ni wiki ya tatu kichwa kinaniuma, sakafu ya darasa inaonekana kuinuka, na nikipanda pikipiki miwani inateleza hadi ncha ya pua. Je, daktari alikosea?
*Mwalimu, Himbi*

Jibu: Mwalimu, huenda daktari hakukosea hata kidogo. Katika barua yako sioni popote kwamba muuzaji alikupima uso, na hapo ndipo shaka yangu inapoanzia. Karatasi ya daktari inaeleza nguvu ya lenzi, lakini kila lenzi ina kitovu chake, yaani mahali ambapo mwanga hupita bila kupindwa, nacho kinapaswa kulingana na mboni yako. Umbali kati ya mboni mbili kwa watu wazima wengi ni milimita 54 hadi 74, na pua haiugawanyi sawasawa kwa kila mtu, kwa hiyo kukisia hakufai. Kwa lenzi ya -5, kitovu kikipotoka milimita 4 tu, kitu kilicho mita 1 mbele yako huonekana kimesogea sentimita 2, na macho hushinda yakihangaika kukiona kuwa kimoja. Kitovu kimoja kikiwa juu kuliko kingine, taabu huzidi, kwa maana macho hayavumilii tofauti ya juu na chini.

Kuteleza nako si jambo dogo: lenzi ya namna yako ikienda mbali na jicho hupungua nguvu. Bila shaka umejikuta ukiisukuma kwa kidole ndipo maandishi yatulie.

Rudi dukani na karatasi yako. Fundi aweke nukta za wino kwenye vitovu akitumia mashine ya kupimia lenzi, uivae miwani, umtazame machoni. Nukta zikikosa mboni, dai lenzi nyingine, hata kama ulikwisha kulipa. Zikilingana, arekebishe pedi za pua na kupasha moto mikono ya fremu ili ipinde nyuma tu ya masikio. Ukitabasamu, fremu isiguse mashavu.

Kichwa kikiendelea kuuma baada ya hayo yote, mrudie daktari akupime upya, ukiwa na miwani yenyewe mkononi.