Maswali na Majibu: Igizo Fupi la Sauti na Kisa Kinachogeuka

Safari hii nimechagua maswali ya wasomaji wa Kanda ya Kati wanaotunga maigizo mafupi ya sauti, yale ya dakika chache yanayohusu watu wa kila siku na ambayo mwisho wake humwacha msikilizaji ameduwaa. Baadhi ya maswali nimeyafupisha.

Nifanyeje nimfiche msikilizaji jambo hadi mwisho bila kumdanganya? (Msomaji, Kongwa)

Sisi tumelelewa na vitendawili, na mtegaji hodari hasemi uongo. Akisema, "Nyumba yangu kubwa haina mlango," nawe ukashindwa, ukampa mji, kisha akakwambia ni yai, ukiyarudia maneno yake utaona kwamba kila neno lilikuwa la kweli tangu mwanzo. Igizo lenye mgeuko linapaswa kupimwa kwa kipimo hichohicho: msikilizaji akilirudia mara ya pili, asikute mstari hata mmoja uliowekwa kwa ajili ya kumlaghai tu.

Kiswahili chenyewe kitakusaidia. Kiambishi "a-" hakisemi kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke, mtoto au mzee, wala hata kama ni mtu au mnyama, hivyo mhusika akisema, "Hajala tangu jana, na mimi sina moyo wa kumwacha," anaweza kuwa anamzungumzia mume, mgonjwa au ng'ombe. Hata hivyo sikushauri uishie hapo, maana msikilizaji anayegundua mwishoni kwamba mume alikuwa ng'ombe atacheka mara moja na kusahau.

Hazina kubwa zaidi imo katika salamu. "Shikamoo" hueleza kwa neno moja nani mkubwa na nani mdogo, na ikikosekana huacha pengo ambalo kila Mtanzania hulisikia. Tuseme kijana wa bodaboda anampakia bibi mmoja pale Majengo jioni. Bibi anapanda kwa haraka na kusema tu, "Twende Ihumwa, mjukuu wangu, jua linazama." Njiani kijana anaona haya: "Bibi, unisamehe, hata sikukuamkia." Bibi anamjibu, "Usijali. Anayepaswa kuniamkia ana miaka ishirini hajafanya hivyo." Msikilizaji anadhani bibi analalamikia vijana wa siku hizi, basi anaendelea kumsikiliza kijana akimsimulia habari za mzee wanayemwendea, anayeogopwa mtaa mzima na aliyewahi kuwafukuza kwa fimbo watu waliofika kuulizia kiwanja. Wanafika. Geti linafunguliwa, kunakuwa kimya cha sekunde tatu hivi, kisha sauti nzito ya mzee inasema, "Shikamoo, dada." Igizo limekwisha. Ukiongeza hapo msimulizi wa kueleza kiwanja kilikuwa cha nani, umeliharibu.

Baba yangu husema kwamba mchezo wa redio wa "Twende na Wakati" ulipoanza, sisi wa Dodoma hatukuupata. Ni kweli au ni utani wake? (Msomaji, Area C)

Baba yako anasema kweli. Mchezo huo ulianza kurushwa na Radio Tanzania mwezi Julai 1993, ukieneza elimu ya uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI kupitia maisha ya watu kama Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani. Watafiti, akiwemo Everett Rogers wa Marekani, walitaka kujua kama mchezo wenyewe ndio unaobadili mwenendo wa wasikilizaji, kwa hiyo walihitaji eneo la kulinganisha ambalo halijausikia. Eneo lililochaguliwa ni Dodoma. Hadi mwaka 1995 kituo cha kurushia matangazo cha hapa kilipiga vipindi vingine katika saa hizo, na baada ya hapo ndipo mchezo ukaanza kusikika huku nasi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1999, yalionyesha kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule mchezo ulikosikika.

Nakuomba tu usiuige muundo wake katika dakika zako nane. Mkwaju hakumshangaza mtu yeyote alipougua; wasikilizaji waliiona njia yake tangu mbali, wakamfuata wiki baada ya wiki kama mtu anayemtazama jirani akiharibikiwa. Huo ni ustadi wa mchezo mrefu, ambao nguvu yake ni mazoea. Igizo fupi halina muda wa kumzoesha msikilizaji mhusika, na ndiyo maana humtaka mtu ambaye tayari anamfahamu, kama mama lishe, kondakta, mwalimu anayesubiri uhamisho au mchuuzi wa zabibu barabarani.

Je, msimulizi ni lazima? (Msomaji, Manyoni)

Si lazima. Mwaka 1924 BBC ya Uingereza ilirusha mchezo wa Richard Hughes, unaohesabika kuwa wa kwanza kuandikwa mahususi kwa ajili ya redio, na mwandishi huyo aliikwepa shida ya kutoonekana kwa njia rahisi sana: aliwaweka wahusika wake ndani ya mgodi wa makaa ya mawe, kisha taa zikazimika. Wao hawaoni, na msikilizaji naye haoni.

Nina simu tu, na nyumba yetu ni ya bati. Upepo ukivuma hakuna kinachosikika. Nifanye nini? (Msomaji, Bahi)

Rekodi usiku, pikipiki zinapopungua, na kama unaweza, subiri siku isiyo na upepo. Bati likishapata joto la mchana huendelea kutoa milio jua linapozama, kwa hiyo usianze saa moja. Ngoja saa nne au tano. Simamisha magodoro mawili kwenye kona, tundika blanketi juu yake, kisha mwigizaji aingie humo na kushika simu umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni, ili pumzi ya "p" na "b" isiipige maiki. Iweke simu katika hali ya ndege. Watu husahau jambo hili, na mimi nililisahau: kilio kizuri cha msibani kilikatizwa na mlio wa ujumbe wa kunikumbusha deni la salio.

Kabla ya kuondoka, rekodi kimya cha chumba hicho kwa nusu dakika. Utakihitaji kuziba mapengo unapokata maneno, maana kimya cha programu ya simu ni kimya cha kaburi, na sikio hulitambua pengo mara moja.

Upepo wa Dodoma nao usiurekodi ukiwa nje, kwa sababu maiki huupokea kama ngurumo. Buruta kanga kavu polepole juu ya mkeka, utapata upepo unaofanana na upepo kuliko ule halisi. Kwa mvua, pepeta choroko kwenye ungo, taratibu kwanza, kisha kwa kasi.

Liwe la dakika ngapi? Wasikilizaji wangu wanalalamikia bando. (Msomaji, Singida)

Dakika sita hadi kumi zinatosha. Ukilihifadhi kwa kilobiti 64 kwa sekunde, sauti ya njia moja, dakika kumi ni takriban megabaiti 5. Kwa kilobiti 128 huwa maradufu, na kwa mazungumzo ya kawaida tofauti haisikiki sana. Andiko la dakika nane lisivuke maneno mia tisa, ili vimya vipate nafasi.

Mwigizaji wangu bora ana lafudhi nzito ya Kigogo. Nimrekebishe? (Msomaji, Mpwapwa)

Usimguse. Ila asitumike kuchekesha tu.

Nimetumia kisa cha jirani yangu, nikabadilisha majina. Kuna ubaya? (Msomaji, Chamwino)

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 hulinda kazi iliyotungwa, si tukio lenyewe, kwa hiyo jirani yako hawezi kudai kwamba umemwibia andiko. Lakini mtaa mmoja una mikasa michache, na jina si kitu pekee kinachomtambulisha mtu. Badilisha kazi yake, idadi ya watoto na mahali, kisha mkaribishe alisikilize kabla ya mtu mwingine yeyote. Akikuuliza, "Huyu ni nani?" endelea. Akinyamaza na kuanza kuaga, lifute, na umsindikize hadi mlangoni kwake.