Wasomaji Wanauliza: "Mvua Katika Baadhi ya Maeneo" Haimsaidii Kamanda

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Mimi ni fundi sanifu wa hali ya hewa na nimepangiwa kufundisha utabiri kwa askari vijana hapa Mwanza. Kusoma vipimo wanajua, alama za ramani wamezikariri, lakini ukiwaambia watabiri wanaandika "mawingu kiasi, mvua katika baadhi ya maeneo". Kamanda anazirudisha karatasi. Nianze kurekebisha wapi? (Msomaji, Ilemela)

JIBU: Kamanda hajakosea kuzirudisha. Huo ni utabiri wa redioni, unamfaa mtu anayejiuliza kama aanike dagaa leo au asubiri kesho. Askari ana swali jingine: boti ivuke au isivuke, helikopta iruke saa ngapi. Kwa hiyo kabla mwanafunzi hajagusa ramani, aandike juu ya karatasi yake mambo manne: kazi gani, mahali gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na kikomo ni kipi. Jeshi la Marekani, kwa mfano, halirushi askari wa miavuli kwenye mazoezi ya nchi kavu upepo wa ardhini ukizidi noti 13 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa). Mtabiri wa zoezi la aina hiyo hana sababu ya kuandika "upepo wa wastani". Aseme kama noti 13 zitavukwa ndani ya muda ule au hazitavukwa, na ana uhakika kiasi gani. Vikomo vya kikosi chenu waombeni maofisa wa operesheni, msivikisie.

Makosa mawili utayaona wiki ya kwanza. La kwanza ni vizio. Tahadhari za umma za upepo hutolewa kwa kilomita kwa saa, rubani anataka noti. Kilomita 40 kwa saa ni kama noti 22. Anayenakili 40 na kuandika "noti" pembeni amekaribia kuuzidisha upepo mara mbili.

La pili ni saa, na hili ni letu wenyewe waswahili. Darasani mna aina tatu za saa kwa mpigo: saa 3 asubuhi ya mtaani ni 0900 ya jeshini na 0600Z (Z ni saa ya kimataifa, UTC) ya kwenye METAR na TAF, yaani ripoti na utabiri wa hali ya hewa wa viwanja vya ndege. Kijana akisikia "saa tatu" simuni akaandika 0300Z, utabiri wake umetoka kwenye muda wa kazi kabisa, maana 0300Z ni saa 12 asubuhi. Pigeni marufuku saa za mtaani kwenye karatasi ya utabiri, na kila muda uandikwe na Z au usiandikwe.

Utabiri wenyewe usomwe kwa mdomo, umesimama, dakika 5, mbele ya mtu anayejifanya rubani na kuuliza maswali. Aprili 1980 helikopta za Marekani zilizotumwa Iran kuokoa mateka zilijikuta ndani ya mawingu ya vumbi jangwani. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba watabiri walijua vumbi la namna hiyo linaweza kutokea, ila wao na marubani hawakukutanishwa uso kwa uso, na taarifa ikaishia njiani.

SWALI: Wanafunzi wangu wanapatia radi za alasiri, lakini za alfajiri zinazotoka ziwani zinawapita kila mara. Kuna ratiba ya kufuata? (Msomaji, Kirumba)

JIBU: Wamefundishwa kanuni ya nchi kavu. Mchana ardhi hupata joto kuliko maji, upepo wa ziwani huingia ndani, na mawingu ya radi hujijenga bara. Usiku mambo hugeuka: ardhi inapoa, upepo unatoka nchi kavu pande zote za ziwa, pepo hizo zinakutana katikati juu ya maji yenye joto, na hewa iliyoshiba unyevu haina pa kwenda isipokuwa juu. Ndiyo maana radi nyingi za ziwani huanza usiku mkubwa na kutufikia kabla ya saa za kazi.

Zamu ya usiku iende hivi (saa hizi ni za mtaani, tumesamehewa mara moja). Saa 12 jioni aandike kiwango cha umande (jotoridi ambalo hewa ikipoa kulifikia, unyevu wake huanza kuwa maji), mgandamizo wa hewa na upepo. Saa 3 usiku aangalie kama upepo umeshageuka kutoka nchi kavu. Kuanzia saa 6 alinganishe picha tatu za setilaiti zinazofuatana. Vilele vya mawingu vikizidi kuwa baridi, wingu bado linapanda. Saa 9 ahamie kwenye rada ya Mwanza. Wingu lililo kilomita 60, linalosogea kilomita 30 kwa saa, lina saa 2 kufika, ila upepo baridi unaotoka chini yake hutangulia mvua, na wenye mitumbwi upepo huo ndio unaowapindua. Tahadhari ihesabiwe kwa upepo, mvua ni ya nyuma.

Asichore mshale mmoja ulionyooka wa saa 4 mbele. Wingu moja la radi huishi pengine chini ya saa 1. Kinachosafiri ni kundi linalozaa mengine.

Na baromita isiwadanganye. Ukanda huu wa tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kilele karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini karibu saa 10 jioni na saa 10 alfajiri. Mshuko wa hPa 3 (hektopaskali, kizio cha mgandamizo) alasiri ni kawaida yake. Linganisha na saa ileile ya jana.

SWALI: Unyevu tunaoupata kibandani, kwenye kisanduku cha vipimajoto, ni mkubwa siku zote, hata kiangazi. Kifaa kimekufa? (Msomaji, Bwiru)

JIBU: Anza na kitambaa cha kipimajoto kibichi, kile kilichofungwa kitambaa chenye maji kando ya kikavu. Kikichafuka au kikikauka kingo, maji hayafuki vizuri na kipimajoto hakipoi inavyotakiwa, kwa hiyo unyevu unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Hesabu yake hii: kikavu 27.0, kibichi 21.0, kiwango cha umande kinatoka karibu nyuzi 18. Tofauti ya 9 ukizidisha kwa futi 400 inakupa kitako cha mawingu ya mchana karibu futi 3,600. Kitambaa kichafu kikisoma 23.0, umande unaruka hadi 21 na ushei, na kitako kinashuka kwenye futi 2,300 hivi. Kama kikomo cha rubani ni futi 2,500, safari imefutwa na tambara.

Badilisha kitambaa angalau mara moja kwa wiki. Kipya kifuliwe kwanza kwa sabuni na kusuuzwa sana, wanga wa dukani utoke. Maji yawe yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya betri safi yasiyo na asidi yanafaa. Ya ziwa huacha ukoko na ukijani. Soma kikavu kwanza, haraka, jicho usawa wa zebaki, bila kupumulia ndani. Na kwa kuwa tuko karibu sana na ikweta, jua huja kusini Desemba na kaskazini Juni: kibanda chenye mlango mmoja kitaingiza jua nusu ya mwaka. Kiwe na miwili, ufungue ulio kivulini.

SWALI: Nitajuaje wameiva? (Yuleyule wa Ilemela)

JIBU: Daftari la siku 30. Tuseme kijana ametabiri radi mara 10, zikaja 6. Nyingine 3 zikaja bila yeye kusema. Amekamata 6 kati ya 9, na ametisha watu bure mara 4 kati ya 10. Usimsomee namba moja ukaacha nyingine. Asiyekosa radi hata moja, mfungulie ukurasa wa siku kavu uone alikuwa anaandika nini.