Sebule ya wageni tu?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mama mkwe kahamia kwetu hapa Tanga. Makochi kayafunika vitambaa vya kufuma, vikombe vya kabatini haviguswi, na wanangu wanafanyia hesabu jikoni, sakafuni. Sebule eti ya wageni. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkweo simshangai. Kwetu Lamu, kwenye nyumba za mawe, mgeni mwanamume mara nyingi aliishia dakani, kwenye baraza za mlangoni. Sahani za kaure zilipangwa zidakani, kwenye vishubaka vya ukutani, za kutazamwa tu. Lakini hao wageni wenu huja mara ngapi? Muombe kochi moja tu, magharibi hadi isha. Kitambaa chake ukifue wewe, ukipige pasi. Mkwe wangu alilegea siku mjukuu alipomsomea ujumbe wa simu palepale kochini.