Kipindi kimoja, wapimaji wawili, alama mbili: nini kifundishwe kwa wakuu wa shule

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: mmeitwa semina ya kutathmini walimu, mkapewa fomu na maelezo yake, mkarudi shuleni. Wewe na makamu wako mkaingia kipindi kimoja, mkakaa nyuma ya darasa lile lile, mkatoka na alama zinazopishana kama hamkuwa pamoja. Mwalimu mwenyewe amelalamika, na wewe unauliza kama tatizo ni fomu. Nimekuwa mkuu wa shule, na kwa miaka kadhaa sasa nawafundisha wakuu wenzangu kazi hii hii, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu.

Fomu iache kama ilivyo. Nimeziona fomu fupi na ndefu, zenye vigezo vichache na zenye utitiri wa vigezo, na zote zinatoa alama za kubahatisha endapo wanaozijaza hawajawahi kuketi pamoja wakabishana juu ya somo moja mpaka wakaelewana. Semina ya kawaida haifanyi hivyo. Mkufunzi anasoma kigezo baada ya kigezo, washiriki wanaitikia, linafuata swali la posho, kisha cheti. Hakuna aliyetazama hata somo moja. Kwenye usahihishaji wa mitihani jambo hilo tusingelikubali: msahihishaji hapewi bahasha kabla hajasahihisha karatasi za mfano pamoja na jopo na kuonekana anakwenda sawa na wenzake. Karatasi ya mwanafunzi tunaitendea haki hiyo, ila kazi ya mwalimu inayoweza kumpandisha au kumnyima daraja tunaiachia jicho la mtu mmoja.

Jambo la kwanza ninalolifundisha, na ndilo linalochukua muda mrefu kuliko yote, ni kuandika ulichokiona kabla ya kuandika unachokifikiria. Waambie wakuu watazame kipindi na kuandika, kisha kusanya karatasi. Utakuta sentensi kama hizi: "Mwalimu amelimudu darasa." "Wanafunzi wamehamasika." "Mbinu shirikishi zimetumika." Hizo zote ni hukumu. Mtu ambaye hakuwepo hawezi kuzikubali wala kuzikataa. Ushahidi unasomeka hivi: "Dakika ya 14, mwalimu anauliza nani anajua. Mikono mitatu, yote safu ya mbele. Anajibu msichana mmoja. Mwalimu anasema vizuri, anafuta ubao." Ukiwa na mistari ya namna hiyo kurasa mbili, mnaweza kutofautiana juu ya alama lakini hamtatofautiana juu ya kilichotokea. Mazoezi haya yanawachosha watu, hasa wale waliokaa kwenye cheo muda mrefu, kwa sababu wamezoea kuingia darasani na kujua jibu ndani ya dakika tano. Wanaojua jibu ndani ya dakika tano ndio ninaowawekea mkazo zaidi.

Halafu ndipo tunatazama somo lililorekodiwa. Chukueni masomo ya walimu msiowafahamu, kwa ridhaa yao. Ukiweka somo la mwalimu wa shule yenu, washiriki watapima sifa zake za mtaani. Kuna somo moja la hisabati ninalolipenda kwa kazi hii. Mwalimu anafundisha kujumlisha sehemu, anaandika nusu kujumlisha theluthi. Mvulana anajibu, "Mbili ya tano." Mwalimu anasema, "Hapana. Mwingine?" Msichana anatoa jibu sahihi, tano ya sita, anapigiwa makofi, somo linaendelea. Darasa limetulia, mwandiko wa ubaoni unavutia, andalio la somo limekamilika, mwalimu amevaa nadhifu na sauti yake inafika mpaka nyuma.

Kigezo ni kimoja tu: mwalimu anayatumia majibu ya wanafunzi kugundua walichoelewa na wasichoelewa. Ngazi ni kuanzia 1 hadi 4. Kila ninapowaonyesha kundi jipya, alama zinatapakaa kuanzia 2 hadi 4. Hapo ndipo kazi inapoanza. Aliyetoa 4 ninamwomba asome mstari aliouandika unaomwelekeza kwenye 4. Mara nyingi anasoma: "Wanafunzi wametulia na wanafuatilia." Ni kweli, lakini huo ni ushahidi wa kigezo kingine. Aliyetoa 2 anasoma kuhusu yule mvulana: amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, kosa linalojulikana na kila mwalimu wa hisabati, na hakuna aliyemuuliza amelipataje. Mwingine anatetea 3: mwalimu alionyesha hatua zote ubaoni baadaye. Tunarudisha picha nyuma. Kweli alionyesha, ila hakumrudia mvulana wala hakuuliza wangapi wengine walikuwa na jibu lile lile. Tunasoma maelezo ya ngazi ya 3 neno kwa neno. Mabishano yanaweza kuchukua saa nzima kwa kigezo kimoja, na mimi siyakatishi, kwa sababu kikundi kinachofika kwenye 2 kwa kusoma ushahidi wake chenyewe kitaikumbuka sababu hata kwenye somo la kemia au la historia.

Na mwalimu yule si mbaya. Kwenye mpangilio wa darasa anastahili alama ya juu, na wapimaji wanapaswa kuweza kumpa 4 huku na 2 kule bila kigugumizi. Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliandikia jambo hili mwaka 1920, baada ya kuona maofisa wa jeshi wanaopima askari wao wanawapa sifa zinazofuatana kupita kiasi: aliyeonekana mzuri wa umbo alionekana pia ana akili na uwezo wa kuongoza. Karne imepita na fomu zetu bado zinajazwa hivyo hivyo, mstari mmoja wa 3 kuanzia juu hadi chini.

Hiyo 3 ya kutoka juu hadi chini inahitaji maneno yake. Wapo wakuu wanaoona wakitoa alama sawa basi wametenda haki. Mwaka 2009 ulitoka utafiti uliopitia wilaya 12 katika majimbo 4 ya Marekani. Kwenye wilaya zilizokuwa na madaraja mawili tu, zaidi ya 99% ya walimu walipewa "anaridhisha". Hapo wapimaji wanakubaliana karibu kabisa, na hakuna mwalimu aliyejifunza chochote. Ndiyo maana simwamini mkufunzi anayejivunia asilimia ya makubaliano peke yake. Chukua wapimaji wawili, kila mmoja anatoa 3 kwa 80% ya masomo na 2 kwa yaliyobaki. Hata wakijaza macho yamefumbwa, watakubaliana kwa bahati tu mara 68 kati ya 100. Wakija kukuambia wamefikia 70%, hawajafika popote. Jacob Cohen alitoa mwaka 1960 kipimo kinachoitwa kapa ambacho kinaondoa makubaliano ya bahati. Kwa mfano huu kapa ni takriban 0.06, yaani karibu na sifuri. Huhitaji kuwa mtakwimu kuitumia, programu ya kawaida ya majedwali inatosha.

Sasa nije kwenu wawili, wewe na makamu. Kutofautiana kwenu ni bahati nzuri, kwa sababu mlikuwa wawili. Mradi mkubwa wa Marekani uliochunguza upimaji wa walimu kuanzia 2009, uliofadhiliwa na taasisi ya Bill na Melinda Gates, ulikuwa na sehemu iliyofanyika katika kaunti ya Hillsborough, Florida. Walikuta kwamba kumwongeza mpimaji wa pili kunaimarisha uhakika wa alama kuliko mpimaji yule yule kurudi kutazama kipindi kingine. Walikuta pia wakuu wanawapa walimu wao alama za juu kidogo kuliko wapimaji wa nje, ingawa mpangilio wa nani yuko juu ya nani haukubadilika sana. Kwa shule yenye mikono michache, maana yake ni kwamba ziara fupi za watu wawili au watatu tofauti zina thamani kuliko ziara ndefu za mkuu peke yake. Mkuu wa shule ya jirani akija kwako siku moja nawe ukaenda kwake, mmeshapata jicho la tatu bila gharama kubwa.

Kuna upande wa haki ambao mafunzo karibu yote yanaupita kimya. Mwalimu anayepewa mkondo wa wanafunzi wanaofanya vizuri anaingia kwenye tathmini akiwa ametangulia. Majibu yanatoka haraka, mikono inanyooka, somo linapendeza. Taasisi ya Brookings ilichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa wilaya nne za mijini Marekani ulioonyesha kwamba walimu wenye wanafunzi waliokuwa na ufaulu wa juu tangu mwanzo walipata alama bora za kutazamwa darasani. Dawa ninayoitumia ni rahisi: kwenye video za mazoezi lazima liwemo somo zuri lililofundishwa kwa darasa gumu na somo la hovyo lililofundishwa kwa darasa jepesi. Ukishawaona wakuu wakitoa 4 kwa somo la pili, utaelewa kwa nini mwalimu wa mkondo wa mwisho hana hamu na fomu yako.

Kuhusu somo usilolisomea, wewe mtu wa historia unayeingia darasa la fizikia: unaweza kupima maswali, muda, ushiriki na mrejesho. Usahihi wa maudhui mwachie mkuu wa idara, na uandike wazi kwamba sehemu hiyo ameijaza yeye.

Mwisho wa mafunzo pawe na jaribio. Mshiriki apime masomo ambayo jopo limeshayapima na kuyaandikia sababu. Asiyefikia kiwango asipime peke yake, aambatane na aliyefaulu mpaka akae sawa. Wakubwa hawalipendi jambo hili, nimeshaulizwa mkuu mwenye uzoefu wote huu anafelishwaje. Anafelishwa kwa sababu jicho linateleza. Hata aliyefaulu mwanzo wa mwaka anaanza kulegeza au kukaza baada ya miezi michache bila kujijua, ndiyo sababu kila muhula mrudi kwenye somo moja la kurekodiwa na kuoanisha alama upya. Saa moja na nusu inatosha.

Kwa mwalimu aliyelalamika, msimpe wastani wa alama zenu. Kaeni wewe na makamu na maandishi yenu, tafuteni vigezo mlivyopishana, someni ushahidi, mkubaliane kwa sababu. Kisha mwiteni na mumpe kwanza ushahidi bila alama. Asome, arekebishe kama kuna kitu mmekiona vibaya. Akisema aliwauliza pia wa nyuma, rudini kwenye maandishi pamoja. Mkikuta hamna ushahidi wa kutosha kwa kigezo fulani, kiacheni wazi na mpangeni kipindi kingine, mmoja wenu akiwa mtu mpya.

Umeuliza pia kama ziara zitangazwe. Kule Hillsborough walimu waliojichagulia masomo ya kuonyesha walipata alama za juu zaidi kwa masomo hayo, lakini waliokuwa nyuma waliendelea kuwa nyuma. Kwa hiyo tangaza ziara ya kwanza ili mwalimu akuonyeshe uwezo wake akijiandaa, zinazofuata usizitangaze, na utaratibu wote uwaambie walimu kwenye kikao cha kufungua muhula, vigezo vikiwa mikononi mwao.