Diski ya akiba ina picha mbilimbili

SWALI: Nimepanga upya picha zangu kwa mwaka badala ya sherehe. Nilipozinakili kwenye diski ya akiba, folda za zamani zikabaki pamoja na mpya, na nafasi inakaribia kwisha. Nifute zote nianze upya?

JIBU: Usifute. Ukifuta, mpaka umalize kunakili tena picha zako zitakuwa mahali pamoja tu, na diski haipigi hodi kabla ya kufa. Kunakili kwa kawaida huongeza tu. Faili iliyohamia folda nyingine huhesabiwa kuwa mpya, na ile ya zamani haiguswi.

Kwenye Windows, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) uandike amri hii ya robocopy, programu ya kunakili iliyomo ndani ya Windows:

robocopy D:\Picha E:\Picha /MIR /L

D ni kompyuta, E ni akiba. Weka herufi zako. /MIR huifanya akiba ifanane kabisa na chanzo, yaani hunakili vipya na kufuta visivyomo kwenye chanzo. /L huorodhesha tu bila kugusa kitu. Soma mistari ya "EXTRA File": hizo ndizo zitakazofutwa kwenye akiba. Ukiridhika, rudia bila /L. Angalia sana chanzo (hapa D) kitangulie. Ukigeuza chanzo na akiba, ni mpangilio wako mpya utakaofutika, wala hutaukuta kwenye Recycle Bin.

Diski ya akiba ikiwa ya FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga faili kwenye diski) ongeza /FFT, maana mfumo huo hurekodi muda wa faili kwa hatua za sekunde 2, na bila hiyo faili zisizobadilika zitanakiliwa tena.

Robocopy haitambui kuwa faili imehama folda, huinakili upya. Kwa video nzito afadhali FreeFileSync, programu ya kusawazisha folda, ambayo huhamisha faili kwenye akiba kwenyewe, mradi ulisawazisha nayo kabla ya kupangua folda.